Umehesabu Mwenyewe?

Mtu wa mjini akiniuliza natoka wapi nami nikajibu Port Reitz, hucheka kwanza. Kwa watu wengi wa Mombasa, Port Reitz ni hospitali, na hospitali hiyo ni wadi ya wagonjwa wa akili. Tulipokuwa wadogo, mtoto wa Tudor au wa Majengo aliyetaka kukutukana alikwambia, "Rudi kwenu ukanywe dawa." Nilipoanza kujulikana kwa utunzi, utani huo ukaota mguu wa pili: aa, kumbe ndiyo sababu! Nimeuzoea. Siku hizi huuanza mwenyewe jukwaani kabla mwingine hajanitangulia.

Vijana wa shule huniuliza swali moja kila ninapoalikwa: ni washairi gani walioniathiri? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la kukariri. Nilimtaja Muyaka bin Haji, nikamtaja Ahmad Nassir Juma Bhalo, nikamalizia na Abdilatif Abdalla, na mwalimu wao akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jibu hilo halina uongo, ila limemruka mtu wa kwanza. Mtu huyo hajatunga hata ubeti mmoja maishani mwake, na akisikia mashairi redioni hugeuza stesheni kutafuta habari.

Baba alikuwa karani wa tali katika bandari ya Kilindini. Makontena yalikwisha kuingia siku hizo, lakini bado kulikuwa na shehena nyingi iliyoshuka kwa magunia na masanduku. Kazi yake ilikuwa kusimama gatini na ubao mkononi na kalamu ya risasi. Kila mzigo unapoteremshwa na winchi, yeye ahesabu magunia na kupiga vijiti: vinne vya kusimama, cha tano kikiwalalia wenzake. Shifti ikiisha, anajumlisha. Idadi yake ikilingana na ya manifesti, ile orodha ya shehena, kila mtu anashika njia ya nyumbani. Isipolingana, hapo ndipo kazi inapoanza, maana wako watu ambao wangependa sana ilingane. Na kuilinganisha ni rahisi mno: kijiti kimoja hapa, kimoja pale. Nani atarudi kuyahesabu magunia ambayo tayari yako juu ya lori, na lori liko Voi?

Nyumbani alituchosha kwa swali moja. "Umehesabu mwenyewe?" Ukimwambia kapuni mna machungwa sita: umehesabu mwenyewe? Ukimwambia darasani mko hamsini: umehesabu mwenyewe, au umeambiwa na mwalimu? Siku moja mama, aliyekuwa akifua huku kanda ya mwimbaji Juma Bhalo ikiimba dirishani, alimwambia kwamba akifika mbele ya Mungu atamwuliza malaika kama zile dhambi amezihesabu mwenyewe. Baba hakucheka. Alisema, "Nitamwuliza."

Fomu za tali zilizoharibika alituletea sisi watoto, kwa kuwa upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Mashairi yangu ya mwanzo niliyaandika huko, mgongoni mwa vijiti vyake. Ukiiinua karatasi dhidi ya mwangaza, uliviona vijiti vikipenya katikati ya mishororo. Natamani ningekuwa na akili ya kuvitazama wakati ule.

Nitoke njiani kidogo, maana jina la mtaa wetu lina kisa chake. Mwaka 1824 Nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza alikubaliana na Wamazrui, waliokuwa wakiilinda Mombasa isiangukie mikononi mwa Sayyid Said wa Oman, kwamba mji uwekwe chini ya bendera ya Uingereza. Akamwacha kijana wake mmoja, Luteni John James Reitz, awe msimamizi. Reitz hakufikisha hata miezi sita. Alifunga safari kuelekea kusini, homa ikamshika, akafa. Ulinzi wenyewe ukaondolewa mwaka 1826. Lakini jina la marehemu lilikwisha kuandikwa kwenye ramani ya mkono wa bahari, na mpaka leo makanga wanalipigia kelele stendi. Mwaka huohuo wa 1824 Muyaka alikuwa hai hapohapo Mombasa, akitunga juu ya ugomvi huohuo na juu ya mapenzi yake. Hakuna bandari iliyopewa jina lake. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu, yakaja kukusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishonari William Taylor karne hiyo ilipokuwa ikielekea ukingoni, na hayakutoka kama diwani ya kitabu hadi 1940. Miaka mia moja bila kitabu cha kuyashikilia, na hayakupotea.

Wengi humsifu Muyaka kwa ukongwe na kwa lugha. Mimi kilichonikaa ni kwamba alikuwapo. Alitunga juu ya ugomvi aliouona kwa macho, na watu aliowatungia waliujua ugomvi huo. Angekosea, wangemrudi papo hapo barazani.

Mimi katika shairi langu la kwanza kuchapwa gazetini sikuwapo. Nilikuwa kidato cha tatu. Shairi lilihusu usiku wa pwani, nalo lilikuwa na mbalamwezi, jahazi la tanga jeupe, na minazi ikinong'onezana. Mizani kumi na sita kila mshororo, hakuna iliyozidi wala kupungua. Mwalimu alilikata akalibandika ubaoni. Mama alimwonyesha kila jirani. Baba alilisoma mara mbili, akakunja gazeti, akauliza, "Hili jahazi uliliona wapi?"

Sikuwa nimepanda jahazi maishani mwangu, wala kulisogelea. Kutoka kwetu tuliona tope na mikoko ya mkono wa bahari, meli za makontena zikisubiri zamu, na ng'ambo kule Dongo Kundu. Kuhusu huo mwezi, usiku wetu ulimulikwa na mwali wa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963 na kuacha kusafisha mafuta 2013. Mwali huo uliyapaka mawingu rangi ya chungwa usiku kucha. Tukiwa wadogo tulidhani kila mji una wa kwake, na mara ya kwanza nilipolala Mazeras kwa babu, giza lilinitisha nikalia. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo: mwali, tope, ndege zikishuka juu ya paa kwenda uwanjani, harufu ya mafuta ikichanganyika na ya samaki. Lakini hakuna diwani niliyoisoma iliyokuwa na mwali wa kiwanda, basi sikujua kwamba ninaruhusiwa. Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilijaza idadi ya manifesti, na magunia sikuyatazama.

Kosa la pili lilidumu zaidi, na lilikuwa la lugha. Sisi ni Waduruma. Nyumbani nchi ni tsi, macho ni matso, maji ni madzi. Nje ya nyumba tulisema Kiswahili cha Changamwe, ambacho kina Mkamba ndani yake, na Mluo, na Mtaita, na kuli wa bandarini. Lakini washairi niliowahusudu waliandika Kimvita. Kwao nchi ni nti, njia ni ndia, macho ni mato. Basi nami nikavaa. Kila shairi langu likajaa nti na ndia, na jinsi nilivyozidi kuyajaza ndivyo nilivyojiona mshairi.

Nikaenda kuyasoma mbele ya mzee mmoja wa Mji wa Kale, mtu aliyejua mashairi mengi kwa moyo kuliko niliyowahi kuyasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniagizia kahawa na kashata. Kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwenu mwasema nti?"

"La, mzee. Kwetu twasema tsi."

"Tsi," akarudia, kama anayeionja. "Basi wewe mbona watuletea yetu?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kwa muda mrefu nilidhani alinifukuza. Sasa namwelewa vingine, ingawa sikubaliani naye moja kwa moja. Lugha haina lango lenye bawabu. Shihabuddin Chiraghdin, ambaye mkono wake umo katika Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir iliyotoka 1971, alikuwa na asili ya Kipunjabi upande wa baba, na sidhani yuko mtu wa Mvita aliyethubutu kumwambia Kiswahili si chake. Ila yeye aliishi ndani ya lugha hiyo: alicheza nayo, alifundisha nayo, alizikwa nayo. Mimi nilikuwa nimeiazima kwa ajili ya harusi. Mzee hakuniuliza kama naruhusiwa kusema nti. Aliniuliza kama naisema. Ni lile swali la baba, ila limekuja na kahawa.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif niliipata Ijumaa moja kwa mwalimu wetu wa Kiswahili, kwa sharti la kuirudisha Jumatatu. Nilinakili karibu nusu ya kitabu kwa mkono, mpaka kidole cha kati kikafanya sugu. Kisa chake wengi mnakijua, lakini vijana wanaokuja nyuma hawakijui, basi nakisema tena. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa miaka ishirini na miwili mzaliwa wa Mombasa, aliandika waraka uliouliza Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu. Gerezani akatunga kwenye karatasi za choo, zikatolewa nje kwa siri. Alipofunguliwa mwaka 1972 alikwenda Tanzania, na mwaka uliofuata mashairi yakatoka kitabuni. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Nikiwasimulia wanafunzi hapo, hucheka kwa nguvu, na mwalimu wao hutazama dirishani.

Nilipokisoma nilitarajia hasira tupu. Nikakuta mtu mwenye adabu na kanuni. Ndani ya chumba cha gereza, hana wa kumsahihisha, na bado vina vimekaa na mizani imetimia. Hilo lilinisumbua. Mtu anayeandika kwenye karatasi ya choo huku anaificha askari asiione hana mhariri wa kumpendeza wala hadhira ya kumpigia makofi. Angeweza kuandika ovyo. Kwa nini ajipe kazi ya kuhesabu mizani? Jibu nililolipata, nalo ni langu, msimbebeshe yeye, ni kwamba kuhesabu kulikuwa kitu kimoja pale ndani ambacho hakuna aliyeweza kumhesabia.

Kuna jambo jingine katika kitabu hicho lililonisaidia. Watu husema mshairi wa pwani hawezi kuwa mkweli kwa sababu husema kwa mafumbo. Abdilatif amejaza mafumbo: kuna mamba, kuna mnazi unaogombewa na wawili, kuna ardhi ya utelezi. Hakuna hata moja ambalo ni uongo. Fumbo humficha mwenye funguo za gereza. Halimfichi mtunzi nafsi yake. Ukweli wa shairi haupimwi kwa uwazi wake, na nimesikia mashairi ya uwazi mtupu, ya kutaja majina na kutukana hadharani, ambayo hayakuwa na chembe ya ukweli. Mtunzi alijua tu makofi yatatoka wapi.

Nami nilikuja kulitunga la namna hiyo. Hili ndilo lililonifunza kuliko yote, na ndilo ninaloliona aibu kulisema.

Jirani yetu alikuwa dereva wa lori, safari zake Kilindini hadi Malaba. Baada ya miaka mingi ya kuendesha malori ya wengine alichukua mkopo akanunua la kwake, kuukuu lakini lake. Reli mpya ilizinduliwa Mei 2017, kituo chake kikiwa Miritini, mwendo mfupi kutoka kwetu. Mwaka uliofuata makontena yakaanza kupanda treni, na mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo yote ya bara ipite relini. Kulikuwa na maandamano mjini, amri ikasitishwa, lakini kazi ya lori moja kuukuu haikurudi. Malori yalilala barabarani kutoka Changamwe mpaka Miritini, na wenye vibanda vya chakula wakafunga mmoja baada ya mwingine. Jirani aliliegesha uani. Baadaye akauza injini yake. Mwaka 2021 akafariki.

Familia iliniomba shairi la kusomwa mazikoni, kwao Kaloleni. Nilichagua vina vya -ma na -ri, na hapo shairi likaanza kujitunga lenyewe. Kina cha -ri kina ukarimu wa ajabu: kinakupa hodari, safari, fahari, shwari, bandari, bila wewe kuomba. Nilivipanga kama mama mwenye nyumba apangavyo vikombe vya wageni. Ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Alikuwa mtu mwema, dereva wetu hodari,
Njia yote kaisoma, Malaba hadi bandari.

Watu walilia. Mzee mmoja alinipa mkono wenye noti ndani. Nilifanya matanga yale yakawa jukwaa langu, na beti mbili za mwisho niliwashambulia wakubwa, nikapigiwa makofi kaburini. Makofi kaburini, jamani.

Baada ya siku chache mjane aliniita. Alinikaribisha chai, akanishukuru vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, umemsifu sana na watu wamefurahi. Lakini yule wa kwenye shairi mimi simjui." Akanyamaza. "Wewe ulikuwa ukimwona usiku."

Nilikuwa nikimwona. Dirisha langu linatazama kichwa cha lori, tela limezibwa na ukuta. Karibu kila usiku, saa nane hivi, mlango wa lori ulifunguka polepole, naye akapanda akaketi nyuma ya usukani. Hakuwasha redio. Hakuvuta sigara. Alikaa tu, mikono juu ya usukani, katika lori lisilo na injini, mpaka adhana ya alfajiri. Niliyajua hayo kwa mwaka mzima, na nilipokaa kumtungia sikuyaweka. Nikijitetea ningesema niliona haya kwa niaba yake. Ukweli ni kwamba hayakuwamo katika mashairi ya rambirambi niliyoyajua, na -ri ilikuwa imekwisha kunipa mengine.

Nililaumu vina. Nilikuwa nimemsoma Euphrase Kezilahabi, ambaye Kichomi yake ya 1974 ilizua ugomvi mkubwa kwa kuvunja vina na mizani, nikajiambia alikuwa na haki: vina ni mtego wa waongo. Kwa miezi mingi nikaandika mashairi huru tu. Nayo yakajaa uongo wao: upweke, kivuli, ukimya, kioo kilichovunjika. Sijawahi kuvunja kioo. Manifesti ilikuwa nyingine, karani yuleyule.

Kilichonirudisha ni kufikiria watu wawili wa mji wangu. Abdilatif alifungwa akatunga kwa vina. Alamin Mazrui, naye wa Mombasa, aliwekwa kizuizini mwaka 1982, na diwani yake Chembe cha Moyo ya 1988 kwa sehemu kubwa haifungwi na vina. Gereza liliwakuta wote wawili, na wote wawili walisema walichokiona. Basi si kina kilichonidanganya. Kina ni winchi: kinateremsha kilichomo, na kuhesabu ni juu yako.

Nikarudi kwenye shairi la jirani, na kwa makusudi nikashika kina kilekile cha mwisho, cha -ri, nione kama kitaniletea tena wale hodari na fahari. Nilikaa nacho wiki nne. Kilichobaki katika beti nyingi nilizozifuta ni hiki:

Usiku akiamka, huketi ndani ya gari,
Funguo amezishika, gari lisilo safari.

Safari ni neno lilelile la mazikoni. Mara hii nilikuwa nimelitazama.

Mwaka 2022 kazi ya kutoa mizigo ilirejeshwa Mombasa, na malori yakaanza tena kupiga foleni Changamwe. Nilimpelekea mjane shairi jipya wakati huo. Hakulia. Alilikunja akaliweka ndani ya Biblia, akaniuliza kama nimekula.

Kisha nikampelekea baba, ambaye sasa ni mzee na huvaa miwani miwili kwa zamu. Alisoma kwa kidole. Ubeti wa nne nilikuwa nimetaja magurudumu kumi na manane ya lori. Kidole kikasimama hapo.

"Malori ya Malaba yana ishirini na mawili," akasema. "Kumi kichwani, kumi na mawili kwenye tela. Umehesabu mwenyewe?"

Nikazunguka ukuta, nikaingia kwenye majani nyuma ya tela, mahali ambapo dirisha langu halikuwahi kufika. Tela lilikuwa limekalia mawe. Magurudumu yote yalikuwa yameuzwa, isipokuwa manne.